Kikombe cha Uji cha Ouma

Sikulala kwa sababu ya kikombe cha uji. Kilikuwa kikombe cha plastiki cha kijani, kimejaa uji wa wimbi karibu na ukingo, na juu yake utando umeshika kama ule wa maziwa yaliyopoa. Nilikiona saa kumi za jioni kwenye stuli kando ya kitanda cha nne, na nilipopita tena saa mbili kuwaaga wagonjwa kilikuwa hakijapungua hata funda moja. Swali lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Je, mgonjwa wa kitanda cha nne hakunywa kwa sababu alimheshimu mama mkwe wake, au kwa sababu koo lilikataa kumeza? Kama ni heshima, basi nilale kama watu wengine. Kama ni koo, huenda mtu alikuwa anakufa huku wodi nzima ikimsifu kwa adabu.

Mwezi uliopita tulimzika Sista Dorina nyumbani kwake Rangwe. Alikuwa muuguzi msimamizi wa wodi niliyofanyia mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, nikijiuliza kama maneno niliyoyasema kaburini yalikuwa mafupi mno au marefu mno, bibi mmoja alipokuja na kunishika kiganja. Alikuwa amekonda na meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, lakini macho niliyakumbuka. "Nyar Uriri," akaniita, binti wa Uriri, kwa maana kwetu mwanamke huitwa kwa kwao alikozaliwa. "Ni wewe. Wewe ndiye uliyenitoa nje kama kuku." Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka, lakini mawazo yalinirudisha kwenye asubuhi ile ya Jumapili, nikiwa na cheti kipya, koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, na woga usiokuwa na kipimo.

Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kisha kurudi kuutazama kama umefungwa, kisha kuanza kujiuliza kama kule kurudi ndiko kumeufungua. Nilipohitimu utabibu nilidhani kazi ingeniponya tabia hiyo. Nilipelekwa katika hospitali ndogo upande wa Homa Bay, nikapewa chumba nyuma ya dobi, mahali ambapo kutwa kulinuka sabuni na shuka zilizochemshwa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ubao mwembamba. Katika cha pili alikaa Chacha, intani mwenzangu, Mkuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania, kijana mcheshi aliyejua kupika ugali tu, tena akiupika mgumu wa kujengea ukuta. Mimi nilikaanga omena, dagaa wa ziwani, kwa nyanya na kuchemsha osuga, mboga chungu ambayo Chacha aliila akikunja uso kama anayemeza klorokwini. Tulikula tukiwa tumekalia ndoo zilizogeuzwa, na kila jioni nilimsimulia wagonjwa wangu wote, mmoja baada ya mwingine, nikimwuliza kama nimekosea. "Atieno," aliniambia siku moja, "wewe ukipewa sahani ya maharagwe utataka kujua kila moja limetoka shamba gani. Kula."

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi wangu wa pili pale, mama mmoja muuza samaki kutoka Kendu Bay aliingia ameshika kifua. Nilisikia moyo wake ukienda mbio, wangu ukaenda mbio zaidi, nikaita ambulensi bila kumwuliza mtu. Kesho yake mama alirudi na dawa ya kiungulia na chapati sita za kunishukuru. Lakini gari lilipokuwa huko, mjamzito mmoja alilisubiri kwenye zahanati ya mbali kwa saa mbili nzima. Mungu alimsaidia, akajifungua salama. Hakuna aliyenigombeza, ila tangu siku hiyo walinzi wa getini hawakuniita jina langu tena. "Ambulensi ameamka?" waliulizana nikipita. "Ambulensi leo hana kesi?" Niliwachekea, na kila nilipowachekea niliapa moyoni kwamba sitaita gari lile tena mpaka niwe na hakika kama ya jua.

Ouma, yule wa kitanda cha nne, alikuja Alhamisi. Alikuwa fundi wa mashua, mtu wa mabega mapana, na kama mafundi wengi wa ufuoni alizoea kubana misumari kwa meno huku nyundo iko mkononi. Gego moja la chini lilimsumbua majuma mawili. Alinunua kapsuli dukani, moja moja, akazifungua na kumimina unga wake ndani ya tundu la jino, akaziba kwa pamba. Nimewaona wengi waliofanya hivyo tangu wakati ule na sijamcheka hata mmoja, maana kila mmoja alikuwa ameona jirani akifanya hivyo akapona. Yeye hakupona. Uvimbe ulikuwa umejaza chini ya taya, mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja, na mate aliyafuta kwa kitambaa kila baada ya muda mfupi. Daktari wetu aliagiza dripu na dawa mbili za kuua bakteria kwa sindano, akasema jino lingeng'olewa mara tu mdomo utakapofunguka. Lilikuwa agizo zuri. Hata leo ningeanza na dawa zilezile.

Sista Dorina alisubiri daktari aondoke. Kisha akaketi kitandani kando ya Ouma na kumpapasa shingo kwa mgongo wa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mshono kwenye nguo. "Kwenye ngozi yetu usingoje kuona wekundu," aliniambia. "Fuata joto. Fuata ugumu." Alipofika mahali joto lilipoishia, alitoa mfukoni kalamu ya wino mweupe, ile ambayo makarani hufutia makosa, akachora mstari kuizunguka shingo vidole viwili juu ya mfupa wa mtulinga, na pembeni akaandika saa. Nilimwuliza kama haitoshi kuandika kwenye faili. Alinitazama juu ya miwani. "Kwenye faili utaandika unachotamani. Mstari hautamani kitu." Ndipo akanieleza lile ambalo chuoni nilikuwa nimelisoma nikajibu kwenye mtihani na kulisahau. Alisema shingoni mna vichochoro kati ya misuli, na vichochoro hivyo havina mlango, vinafunguka hadi ndani ya kifua, pale moyo na njia ya hewa vinapokaa. Usaha wa jino au wa koo ukivipata, uso unaweza kunywea kila mtu akafurahi, kumbe moto umehamia chumba kingine. Kifuani humo dawa peke yake haiwezi. Lazima mpasuaji afungue na kuosha.

Sasa niseme kuhusu mama mkwe. Mkewe Ouma, Akinyi, alikuwa amejifungua kwa upasuaji Jumatano, katika wodi ya wazazi iliyokuwa ng'ambo ya ua. Mama yake, Mama Rosa, alikuwa amesafiri kutoka Uriri kuja kumtunza yeye na kichanga. Ndugu za Ouma walikuwa visiwani na hawakuwa wamefika. Kwa hiyo Mama Rosa alijikuta na wagonjwa wawili, na mmoja wao ni mkwe. Kwetu maro, yaani mama mkwe, haoni kitanda cha mkwewe. Mkwe naye hali mbele yake, havui shati mbele yake, wala halii maumivu mbele yake. Lakini mgonjwa hawezi kuachwa bila mtu wake. Basi Mama Rosa akatafuta njia ya katikati. Aliketi kwenye benchi fupi miguuni pa kitanda, amempa Ouma mgongo, uso umeelekea mlangoni, leso imemfunika hadi kwenye nyusi. Uji aliuweka kwenye stuli bila kugeuka, akinyoosha mkono nyuma kama anayemlisha mtu gizani. Ouma akafunga shati lake hadi kifungo cha juu kabisa, na mstari wa Sista ukabaki chini ya kola.

Ijumaa taya lilikuwa limelainika. Daktari alifurahi, nami nilifurahi. "Unameza?" alimwuliza. "Nameza," Ouma akajibu, akitazama mgongo wa Mama Rosa. "Kifua?" "Kiko sawa, daktari." Mzee wa kitanda cha tano, aliyekuwa na mguu uliofungwa plasta na ulimi usiofungwa na chochote, akasema kwa sauti, "Hata mkimpa samaki ngege mzima hatakula, maro yuko hapo. Mimi nilishinda na njaa siku mbili kwa wakwe, mwishowe nikamalizia supu jikoni nimechutama kama paka." Wodi ikacheka. Mama Rosa akacheka kidogo ndani ya leso. Ouma pia alitaka kucheka, akaacha katikati. Niliona alivyoacha. Hilo ni moja ya mambo ambayo mtu mwenye wasiwasi huyaona na kuyabeba hadi nyumbani bila kujua ayaweke wapi.

Jumamosi Sista alienda kwao Rangwe kwa mapumziko, na daktari akaenda Kisumu. Mimi nilibaki na wodi, na hapo ndipo kikombe kilipoanza kunitesa. Mara baada ya saa kumi Mama Rosa alivuka ua kumwona mjukuu, akakaa huko karibu saa nzima. Aliporudi, uji ulikuwa palepale. Kama ni heshima tu, si angekunywa alipokuwa peke yake? Lakini labda hakujua maro atarudi lini. Labda aliona haya hata kupunguza kikombe, maana maro angejua ameunywa. Nilimpelekea Chacha swali hilo jioni, juu ya ugali wake. Alitafuna kwa muda mrefu. "Nyinyi Wajaluo mtakufa kwa adabu," akasema. "Na nyinyi?" "Sisi tunakufa kwa ng'ombe. Lakini ng'ombe angalau anaonekana." Alisema hivyo kwa mzaha, akaomba osuga aongezewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nadhani ili kunifariji. Mimi niliingia chumbani, na hadi ndege walipoanza kulia kikombe kilikuwa mbele ya macho yangu, kijani, kimejaa.

Asubuhi nilimpigia Sista simu. Nyuma yake nilisikia watu wakijiandaa kwenda kanisani, mtu akitafuta kiatu. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: homa imeshuka kwa dawa ya maumivu, taya limelainika, anakaa ameinama mbele, uji, saa nzima bila maro, kicheko alichokiacha katikati. Niliongea pengine dakika tano. Kisha akauliza neno moja: "Umemshika?" Sikuwa nimemshika. Siku mbili nilikuwa nimemtazama, nimemsoma, nimemwandika, nimemwaza usiku kucha, na sikuwa nimefungua kifungo kimoja cha shati kwa sababu mama wa kwetu, wa rika la kunizaa, alikuwa ameketi pale na mimi niliona aibu kwa niaba ya watu wote wawili. "Basi," Sista akasema, "nenda ukamshike."

Mama Rosa alikuwa kwenye benchi lake. Nilichutama mbele yake ili nisimsemeshe kutoka juu. Tuliongea Kijaluo, na maneno yake nayakumbuka kama nilivyoyasikia. "Mama, naomba utoke nje kidogo." "Nyathina, mwanangu, unanifukuza?" "Hapana, mama. Kidogo tu." "Niende wapi? Mtoto amelala, mama yake amelala. Mimi hapa ndipo niliposhika zamu. Watu wake wakija wakute hakuna mtu, watasema tulimtupa." Nilitafuta maneno ya heshima na hayakuja, yakaja ya kweli. "Mama," nikasema, "huyu mtu hawezi kuugua ukiwa hapa." Alinitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa vile na mgonjwa wala jamaa wa mgonjwa tangu siku hiyo. Kisha akasimama, akakaza leso, na kabla ya kutoka akasema akiwa bado amempa mkwewe mgongo: "Basi mwambie augue."

Mlango ulipofungwa, uso wa Ouma ulianguka. Sina namna nyingine ya kuueleza. Yule mtu aliyekuwa akijikaza kama seremala anayepima ubao alijikunja, akashika katikati ya kifua, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kama ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni. "Hapa," akasema. "Tangu lini?" "Ijumaa." Nilimpa kijiko kimoja cha maji. Kilirudi chote, kwa kikohozi. Nikafungua vifungo. Mstari mweupe ulikuwa palepale Sista alipouchora, safi, na vidole vyangu viliupita bila kusimama. Ugumu na joto vilivuka mtulinga, vikaendelea hadi upana wa kiganja chini yake, na nilipobonyeza ngozi ya kifua kitu kilitatarika chini ya vidole, kama unga mkavu wa mhogo ukiubana ndani ya mfuko. Hewa mahali ambapo hewa haina kazi. Alikuwa akipumua mara thelathini na mbili kwa dakika. Nilihesabu mara mbili, kisha kwa tabia yangu nikahesabu mara ya tatu.

Nilimpigia daktari. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Alikuwa mbali, katika yote niliyomweleza aliyoyasikia yalikuwa homa ndogo na taya lililolainika, na gari lilikuwa moja kwa vituo vingi. "Anakaa?" "Anakaa, lakini ameinama." "Kesho asubuhi mtu wa eksirei atakuwepo, tutapiga picha, tuone. Atieno," sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio ulioniuma, "usianze tena." Nikasema ndiyo, daktari. Nikakata simu. Nilisimama katika chumba kidogo cha kuchanganyia dawa nikitazama mikono yangu.

Leo ninajua yaliyofuata. Ninajua kwamba huko alikopelekwa walimpiga picha ya kifua iliyoonyesha usaha na hewa nyuma ya mfupa wa kifua, wakamfungua shingo na ubavu siku hiyohiyo, wakang'oa gego, wakamrudisha tena na tena chumba cha upasuaji kumwosha, na kwamba alilala huko majuma mengi akiwa na mirija ubavuni. Ninajua kwamba daktari wetu Jumatatu aliisoma nakala ya barua yangu ya rufaa akiwa amesimama, akairudia akiwa ameketi, kisha akatoka kwenda dukani na kurudi na kalamu ya wino mweupe yake mwenyewe. Na ninajua alichoniambia Mama Rosa kule mazishini Rangwe baada ya watu kuacha kucheka, akiwa bado ameshika kiganja changu: kwamba Ouma amepeleka mashua mpya majini juma lililopita, kwamba yule mtoto sasa anambebea misumari kwenye kopo kwa sababu baba hairuhusu tena mdomoni, na kwamba yeye na mkwewe bado hawali pamoja, "lakini akiugua, anasema." Wanafunzi wangu hudhani hadithi hii ni ya kuwafundisha kuhusu usaha wa meno. Ni kweli, ni hiyo pia.

Lakini asubuhi ile sikujua hata moja kati ya haya. Nilijua tu kwamba nikikosea, geti zima litacheka mpaka nimalize mwaka, na mjamzito mwingine huenda akasubiri gari barabarani. Nilipanga sababu za kungoja, zikawa nyingi na nzuri. Nilipanga za kwenda, zikawa mstari mmoja na vidole vyangu. Nilingoja hakika ile niliyojiapia, ile ya jua. Haikuja. Nikagundua, nikiwa nimesimama pale kati ya chupa za dripu, kwamba haitakuja, wala haikuwahi kumjia mtu yeyote niliyemheshimu.

Nikavuta karatasi ya rufaa. Sikuandika "inawezekana" wala "huenda". Niliandika nilichokishika, kilipoanzia, kilipofika, na saa. Nikapiga simu hospitali kubwa, na sauti iliyochoka ya mpasuaji ikasikiliza hadi mwisho na kusema, "Mlete akiwa ameketi, msimlaze." Nikampigia dereva. Nikarudi kitandani, nikachora mstari wa pili chini ya ule wa Sista, nikamwekea Ouma oksijeni, na Chacha, aliyekuja na sabuni bado masikioni, akashika upande mmoja wa kitanda cha magurudumu bila kuuliza kitu.

Mama Rosa alikuwa amesimama uani kwenye jua, ametazama ukuta. Alisikia magurudumu lakini hakugeuka. "Ameugua?" akauliza.

"Ameugua, mama."

"Basi mpeleke."

Nilipanda nyuma na kuketi nikimwegemeza Ouma begani kwangu. Getini gari likasimama, mlinzi akachungulia dirishani, tabasamu tayari mdomoni. "Ambulensi! Leo tena ni nani?"

"Fungua geti," nikasema.